Mume wangu hajapona: je, miujiza ya kila siku ni ya kweli, au najifariji tu?

SWALI: Mtumishi, Bwana asifiwe. Mume wangu alipatwa na kiharusi, na huu ni mwaka wa tatu. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na usemi wake umebaki maneno machache tu. Tumeombewa, tumefunga, tumekesha. Kanisani kila wiki watu wanasimama kushuhudia makubwa, mimi nakaa kimya. Juzi jioni aliniita kwa jina langu, mara ya kwanza tangu augue. Rafiki yangu akasema, "Umeona? Huo ndio muujiza wako." Nilikasirika, halafu nikajiona mwenye dhambi kwa kukasirika. Hii miujiza midogo ya kila siku ipo kweli, au ni namna ya kujifariji pale Mungu anapokataa kutenda ule mkubwa? Na nikianza kushukuru kwa kidogo, si ndiyo nimeshakata tamaa ya kuomba apone?

JIBU:

Dada yangu mpendwa katika Bwana,

Nianze na hasira yako, maana naona inakutesa kuliko swali lenyewe. Hukutenda dhambi. Umeomba miaka mitatu mumeo arudi kwako mzima, kisha ukaambiwa kwamba neno moja la jioni moja ndilo jibu lote. Ungekosaje kuumia? Rafiki yako aliona kitu cha kweli, lakini alikisema kana kwamba Mungu ameshamaliza deni lake na kilichobaki ni wewe kunyamaza. Hapo ndipo maneno mema yanapogeuka kuwa mzigo.

Miujiza ya kila siku ipo, na ni kazi ya Mungu kweli. Ila haikuletwa ichukue nafasi ya ule unaouomba. Ukiipokea kama fidia itakuchosha, na mwishowe utaichukia. Ukiipokea kama namna Mungu anavyokushika leo, huku ombi lako kubwa likiwa bado liko mbele zake, itakulisha. Mengine yote nitakayoandika ni kukueleza kwa nini naamini hivyo.

Umeuliza kama huko ni kujifariji. Wakristo wengi hulikwepa swali hilo, nami nafurahi hukulikwepa. Faraja ya uongo ina tabia moja inayoitambulisha: hukutaka ufumbe macho. Hukwambia utangaze kwamba mumeo ameshapona, wakati mikono yako ndiyo inayomgeuza kitandani usiku. Hukwambia usilie, eti machozi ni kutoamini. Shukrani ya Biblia haidai hivyo. Chukua yale maneno tunayoyapenda mno: "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu." Tunayaimba kana kwamba yaliandikwa na mtu aliyeamka salama nyumbani kwake. Yamo katika sura ya tatu ya Maombolezo, kitabu kinachoulilia mji wa Yerusalemu baada ya majeshi ya Babeli kuuteketeza, karibu mwaka 586 kabla ya Kristo. Yanayoyatangulia ni watoto wanaozimia kwa njaa katika njia za mji na hekalu lililoachwa ukiwa. Na baada ya kuyasema, mwandishi hafuti machozi yake. Anaendelea kulia, na kitabu kinakwisha kwa kumuuliza Mungu kama amewakataa kabisa. Mtu yule aliziona rehema akiwa amesimama juu ya kifusi, na hakukiita kifusi kwa jina lingine.

Kwa hiyo kipimo ninachokupa ni hiki. Shukrani inayokulazimisha useme uongo kuhusu hali ya mumeo, iache. Ile inayokuruhusu useme "mkono wake bado hauna nguvu, na leo ameniita kwa jina", zote mbili kwa pumzi moja, hiyo ni salama.

Sasa tuliangalie hilo jina. Daktari anaweza kukueleza jinsi lilivyorudi. Sehemu ya ubongo inayobeba usemi, ambayo kwa watu wengi iko upande wa kushoto, ilikosa damu na kuumia. Ndiyo maana upande wa kulia wa mwili nao ulilegea. Ubongo hujitahidi kutafuta njia nyingine za kufanya kazi ile ile. Mara nyingi maendeleo makubwa huonekana miezi ya mwanzo, lakini kwa wengine usemi huendelea kurudi kidogo kidogo hata baada ya miaka. Je, maelezo hayo yanamwondoa Mungu? Kuna watu wanaofikiri hivyo, kwamba jambo likishapata sababu basi Mungu hakuhusika, naye hubakiwa na yale tu ambayo madaktari wameshindwa kuyaeleza. Mungu wa Biblia hakubanwa namna hiyo. Aliyemwumba mwanadamu ndiye aliyeumba ubongo unaoweza kutafuta njia mpya baada ya kujeruhiwa.

Nawaomba watu waitazame tena habari ya mana kwa sababu hiyo. Miaka 40 jangwani Israeli waliokota chakula ambacho hawakukilima. Wakavuka Yordani, wakala mazao ya nchi ya Kanaani, na Yoshua sura ya 5 inasema kwamba siku iliyofuata mana ilikoma. Hakuna aliyelia kwamba Mungu amewaacha. Mkono uliowalisha kwa mana ndio uliowalisha kwa shamba, tofauti ni kwamba sasa kulikuwa na jembe, mvua na jasho katikati. Augustino, askofu wa Hippo aliyeishi kati ya mwaka 354 na 430, alipohubiri juu ya ile mikate mitano iliyoshibisha watu elfu tano, alisema kwamba kuutawala ulimwengu mzima ni ajabu kubwa zaidi. Watu huistaajabia ile mikate kwa sababu ni jambo la nadra, si kwa sababu lina ukubwa kuuzidi mkono unaozifanya mbegu chache kuwa mavuno ya mashamba. Wala Augustino hakuwa mtu wa kujituliza kwa kukosa miujiza mingine: huyu huyu, katika miaka yake ya mwisho, aliandika orodha ndefu ya watu walioponywa katika mji wake na sehemu za jirani. Alikuwa na nafasi moyoni kwa yote mawili.

Hata hivyo sitakulazimisha uliite jambo lile muujiza. Kuna hekima katika kulitumia neno hilo kwa uangalifu. Kule Lourdes, Ufaransa, ambako mahujaji wamekuwa wakienda tangu mwaka 1858, watu zaidi ya 7,000 wametoa taarifa za kupona, na Kanisa Katoliki limekubali takriban 70 tu kuwa miujiza, baada ya uchunguzi mrefu wa madaktari. Wale maelfu wengine hawakuambiwa kwamba Mungu hakuwagusa. Waliambiwa tu kwamba jambo lao halikufikia kipimo kile. Basi ukipenda, liite neema. Neema haihitaji cheti cha daktari, na haipungui kwa kuwa ilipita katika mshipa wa damu au katika kikao cha mazoezi.

Kuna sehemu moja ya Maandiko ambayo kila mtu anayeuguza angepaswa kukaa nayo kwa muda mrefu, nayo ni 1 Wafalme 19. Sura inayoitangulia ni ya Karmeli: moto unashuka kutoka mbinguni mbele ya taifa zima, unateketeza sadaka, kuni, mawe na mavumbi, unaramba hata maji ya mferejini. Kama kuna mtu aliyepata ushuhuda wa kusimama nao mbele ya kusanyiko, ni Eliya. Kisha Yezebeli anatuma ujumbe mmoja wa vitisho, na yule mtu wa moto anakimbia nyikani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Muujiza mkubwa haukumlinda asikate tamaa. Hili nataka ulishike, kwa sababu unapowatazama wanaoshuhudia kanisani, pengine unadhani kwamba ungepata kimoja kama chao, moyo wako ungetulia moja kwa moja. Eliya alikipata kikubwa kuliko vyote, na hakikumtosha kumvusha usiku ule.

Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea. Hakumkumbusha Karmeli. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na maneno ambayo naona ni ya huruma kuliko mengi katika Agano la Kale: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mungu mwenyewe anakiri kwamba safari ni kubwa kumzidi mtumishi wake. Usingizi, mkate, maji, mkono uliomgusa, kisha usingizi tena. Kwa nguvu za chakula kile alikwenda siku 40, na huko mbele ndiko alikoisikia ile sauti ndogo ya utulivu. Huko pia ndiko alikopewa Elisha wa kumsaidia, na kuambiwa kwamba wapo watu 7,000 ambao hakuwa na habari zao.

Kwa hiyo ninapozungumza nawe juu ya miujiza ya kila siku, simaanishi vitu vya kupendeza vya kuokota okota ili siku ipite. Namaanisha chakula cha njiani kwa mtu ambaye safari imemshinda. Usiku uliolala saa sita mfululizo. Jirani aliyekaa na mgonjwa ili wewe utoke nje upumue. Uvumilivu uliokuja asubuhi, baada ya wewe mwenyewe kusema jana yake kwamba umefika mwisho. Hujiulizi ulitoka wapi? Mimi huwa najiuliza ninapowasikiliza wanaouguza. Wengi husimulia kuchoka kwao kwa undani, na kwa haki kabisa, lakini hawaoni ajabu yoyote katika ukweli kwamba wameamka na kuanza tena. Miaka mitatu, dada yangu. Sidhani kwamba ulikuwa nayo mfukoni ulipoanza.

Naomi naye hakuona. Alirudi Bethlehemu kutoka Moabu akiwa amefiwa na mume na wana wawili, akawaambia wanawake wa mji kwamba alitoka akiwa amejaa na Bwana amemrudisha mikono mitupu. Alipokuwa akiyasema hayo, Ruthu, mjane wa mwanawe mmoja, yuko naye pale pale, amekwisha kuapa kwamba kifo tu ndicho kitakachowatenganisha. Kitabu hakimkemei Naomi kwa neno hata moja, na mimi nisingethubutu. Huzuni ilikuwa imemjaa machoni. Lakini kuanzia hapo angalia jinsi Mungu anavyofanya kazi: hakuna bahari inayopasuka, hakuna maiti inayofufuka. Kuna msichana mgeni anayekwenda kuokota masazo na kujikuta katika shamba la Boazi, kuna sheria ya zamani iliyowatunza maskini na wageni, kuna mwanamume mwenye heshima. Mwishoni wanawake wale wale wanamwambia Naomi kwamba huyu mkwewe ni bora kwake kuliko wana saba, na mtoto anayewekwa kifuani pake, Obedi, atakuwa babu yake Daudi. Tuwe wakweli pia: mumewe hakurudi, na wale wana wawili hawakurudi. Obedi hakuja kuwafuta. Alikuja, na Naomi akampokea akiwa bado mjane na mama aliyefiwa. Nadhani hilo liko karibu sana na mahali ulipo.

Sasa kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyekwambia usoni lakini umelisikia likizunguka: kwamba mumeo hajapona kwa sababu imani yenu ni ndogo. Nakuomba ulitoe kabisa moyoni. Paulo ndiye ambaye, kwa habari ya Matendo 19, leso na nguo zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Huyo huyo anamwandikia Timotheo kwamba amemwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Anamshauri Timotheo mwenyewe juu ya tumbo lake na udhaifu wa mara kwa mara, na ushauri ni wa mtu anayefikiria dawa: atumie mvinyo kidogo. Epafrodito aliugua karibu na kufa, akapona, na Paulo akasema Mungu alimhurumia. Na Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba utoke mwilini mwake, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mtu mmoja, imani moja, na majibu manne tofauti. Katika Matendo 12 Yakobo anauawa kwa upanga na Petro anatolewa gerezani na malaika, sura moja. Luka haelezi kwa nini, wala hadokezi kwamba Petro alikuwa na imani zaidi. Nami sitakueleza kwa nini fulani alipona na mumeo bado. Anayekuambia kwamba anajua, usimsikilize.

Katika jibu lile kwa Paulo, wengi husikia "hapana" peke yake. Lakini kuna kitu alichopewa humo. Aliomba mwiba utoke, akapewa Mtu wa kukaa naye na mwiba wake, na nguvu ambayo asingeijua kwa njia nyingine. Silisemi hili ili ulimeze leo. Paulo alilisema mwenyewe, baada ya kuomba na kurudia kuomba, na si mtu mwingine aliyemsemea akiwa amesimama kando ya kitanda.

Hapa niseme juu ya tumaini, maana ndiko hofu yako ilipo. Kama tumaini lako litasimama juu ya hesabu ya ishara, wiki ya maneno mawili litapanda na wiki ya ukimya litaanguka, nalo litakutoa roho. Warumi 8 inasema, "kitu kinachotarajiwa kikionekana, hakuna taraja tena." Mkristo hatumaini kwa sababu dalili ni nzuri. Anatumaini kwa sababu Yesu alifufuka, na aliyemfufua ameahidi kuihuisha na miili yetu iliyo katika hali ya kufa. Kila uponyaji wa duniani ni wa muda. Lazaro alitoka kaburini, na baadaye alikufa tena kama watu wote. Mwili wa mumeo, ule mkono wa kulia na ulimi ule, umeahidiwa kitu kikubwa kuliko kurudi ulivyokuwa kabla ya kiharusi. Hilo halitegemei taarifa ya kliniki ya mwezi ujao. Neema za kila siku hazilibebi tumaini hilo. Lenyewe ndilo linalokufanya uweze kuzifurahia bila kuzipapatikia.

Utazionaje, basi, wakati siku zenyewe zinafanana? Kuna desturi ya kale ninayowapa watu wengi. Inyasi wa Loyola alikuwa askari aliyevunjwa mguu na kombora la mzinga mwaka 1521, na alipokuwa amelazwa kwa miezi ndipo alipoanza kuangalia kwa makini yanayopita moyoni mwake na kutambua Mungu yuko wapi ndani yake. Baadaye aliwafundisha wenzake kuipitia siku yao mbele za Mungu, na njia hiyo leo hutumiwa na Wakristo wa madhehebu mengi. Wewe ifanye hivi: kabla ya kulala, dakika chache tu, rudi nyuma kwenye siku yako tangu ulipoamka. Jiulize wapi nilishikwa, na wapi niliumia. Andika yote mawili, ukurasa mmoja, upande kwa upande. Uwe mahususi. "Namshukuru Mungu kwa uzima" ni kweli, lakini haikufundishi kuona. "Asubuhi alishika kikombe kwa mkono wa kulia kwa muda mfupi" inakufundisha. "Nilimfokea, na bado alinitazama kwa upendo" inakufundisha zaidi. Kuna siku upande wa kushikwa utabaki mtupu, na usiujaze kwa kujilazimisha. Mwambie Mungu kwamba leo hujaona kitu. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado ilitiwa katika kitabu cha sala. Baada ya wiki kadhaa soma ulichoandika tangu mwanzo. Mara nyingi ni katika kusoma tena ndipo mtu huona, kwa sababu siku ikiwa mbichi maumivu huwa na sauti kubwa kuliko kitu kingine chochote.

Usiifanye kazi hiyo kuwa sheria, na usiitumie kumpima mtu mwingine. Neema uliyoiona katika maisha yako ni yako kuisema. Ukimwendea mgonjwa mwingine na kumwonyesha miujiza yake ambayo yeye hajaiona, utamfanyia kile ambacho rafiki yako alikufanyia.

Kuna jambo la kimwili pia, na nalisema kwa uzito ule ule. Takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaopatwa na kiharusi hupata sonona, na wanaowauguza nao huathirika sana. Kama mumeo amekosa hamu ya kila kitu, halali au halii wala hacheki, mwambie daktari wake. Kama wewe mwenyewe umefikia kutamani usiamke, mwambie mtu leo, na umwone daktari. Huko si kumkosea Mungu imani. Paulo alisafiri na Luka, "yule tabibu mpendwa," na yule malaika wa Eliya alianza na usingizi na chakula kabla ya neno lolote la unabii.

Na ukubali kubebwa. Katika Marko 2 mtu aliyepooza aliletwa na watu wanne, wakatoboa dari wakamshusha, na Maandiko yanasema Yesu aliiona imani yao. Ya wale waliobeba. Ya mgonjwa haikutajwa, pengine yeye alikuwa amechoka kuamini. Zungumza na wazee wa kanisa au na watu wa jumuiya yako, na usiwaombe maombi peke yake. Waombe siku. Fulani akae na mumeo siku hii, fulani siku ile, ili wewe ulale. Watu wengi wa kanisa wanataka kusaidia na hawajui waanzie wapi. Ukiwaambia jambo moja lililo wazi, watakuja. Mikono yao itakuwa sehemu ya ile miujiza unayoiulizia.

Kuhusu kusimama kushuhudia: una ushuhuda, ila unadhani ni lazima uwe na mwisho. Mimi ningefurahi kuona makanisa yetu yakitoa nafasi kwa watu ambao bado wako katikati, kwa sababu katika kila ibada wao ni wengi kuliko waliokwisha kuvuka, na wengi wao huondoka wakijihesabu kuwa Mungu amewasahau. Siku ukiwa tayari, unaweza kusema hivi: "Mume wangu bado ni mgonjwa. Tunaendelea kuomba. Mungu ametushika hadi leo, na wiki hii aliniita kwa jina langu." Keti. Utashangaa ni wangapi watakufuata nje.

Swali lako la mwisho ndilo la kunishughulisha kuliko yote: je, kushukuru kwa kidogo ni kukata tamaa ya kikubwa? Kumbuka kipofu wa Bethsaida, Marko 8. Yesu alimtemea mate ya macho, akamwekea mikono, akamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu alijibu kwamba anaona watu kama miti inayotembea. Hakudai kwamba anaona vizuri ili aonekane ana imani. Hakusema pia kwamba haoni chochote, kwa kuwa hajapata alichokitaka. Alisema alichokuwa nacho. Yesu hakumkaripia kwa jibu hilo la nusu, bali alimwekea mikono tena. Kueleza kwa ukweli kile ulichopokea hakufungi mlango wa kuomba kilichobaki. Katika habari hii ndiko kulikoleta mkono wa pili. Basi shukuru kwa jina lako lililotajwa, na kesho yake mwombe Mungu amponye kabisa, bila kuona aibu kwa moja wala kwa lingine. Ule mkono wa pili unaweza kuja kesho, au baada ya miaka, au siku ya ufufuo. Wewe hukupewa kujua siku. Umepewa kuomba.

Na kuna jambo moja la kujaribu wiki hii. Watu wengi waliopoteza usemi kwa kiharusi, wasioweza kusema sentensi, huweza kuimba maneno ya nyimbo walizozijua zamani, kwa kuwa uimbaji hutumia pia sehemu za ubongo ambazo hazikuumia. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa tiba ya usemi wametumia uimbaji kuwasaidia baadhi ya wagonjwa kurudisha maneno. Muulize mtaalamu anayemwona mumeo kama inamfaa. Jioni, kaa upande wake, anza tenzi aliyoipenda kabla hajaugua, imba polepole, na mwisho wa mstari nyamaza kidogo umpe nafasi. Asipoimba, imbeni wewe na watoto, yeye asikilize. Mwendelee kesho yake.